Somo: Jinsi ya kujua umri wa postikadi za vijiji vya Uingereza

Wakuu, habari za leo. Naishi Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, na postikadi za zamani za vijiji ndizo ugonjwa wangu. Tangu niwaonyeshe ile ya Clovelly, kijiji cha pwani ya Devon, punda akishuka na mizigo kwenye njia ya mawe, mmeniandama: umri wake niliujuaje?

Kwanza, kadi moja ina miaka mitatu: mwaka picha ilipopigwa, mwaka kadi ilipochapwa na mwaka ilipotumwa. Muuzaji atakutajia ule unaomfaa yeye.

Hatua ya 1: Igeuze. Posta ya huku iliruhusu kadi binafsi za picha mwaka 1894, lakini mgongo wote ulikuwa wa anwani. Salamu ukazibana pembeni mwa picha. Mwaka 1902 ndipo iliporuhusu mgongo ugawanywe, kushoto maneno, kulia anwani. Kwa hiyo ukiona mstari katikati, usikubali kuambiwa ni ya 1898.

Hatua ya 2: Stempu na muhuri. Nusu peni ya kijani ilitosha hadi Juni 1918, kisha ikawa peni nzima. Wafalme walio kwenye stempu hizo, Edward VII na George V, wote wana ndevu, na wageni huwachanganya. Mwenye upara ni Edward, aliyefariki 1910.

Hatua ya 3: Kioo cha kukuza mara 10. Hapa msiwe na haraka. Weka kioo juu ya anga au ukuta mweupe. Ukiona vitone vimejipanga kama chenga za mchele, hiyo imechapwa kwa mashine. Kama weusi unayeyuka taratibu kuwa kijivu bila kitone hata kimoja, ni fotografia halisi, na zile za zamani mara nyingi hung'aa kama fedha kwenye sehemu za giza ukiziinamisha. Mimi nililipa pauni 12 kwa "fotografia" ya Hallsands, kijiji cha wavuvi kilichobomolewa na dhoruba Januari 1917. Nyumbani nikaona vitone. Nikaimulika kwa taa ya urujuanimno (UV), karatasi ikawaka buluu kama shati jipya la shule. Karatasi ya enzi zile haiwaki hivyo, kwa hiyo ilikuwa nakala ya baadaye. Pauni zangu zikaenda na maji.

Hatua ya 4: Namba pembeni mwa picha. Wachapaji wakubwa wa postikadi, Frith wa Reigate na Valentine wa Dundee, walizipa picha zao namba, na namba hukupeleka kwenye mwaka wa picha. Nina ya Bibury yenye muhuri wa 1923, lakini wanawake mlangoni wamevaa sketi za kufagia ardhi. Picha ni ya zamani kuliko muhuri. Waliendelea kuiuza tu.

Hatua ya 5: Kuhifadhi. Bila gundi, bila selotepu, bila albamu za plastiki inayonuka. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, iliyoandikwa na isiyoandikwa, ipi bora?
Wapo wanaotaka safi. Mimi nataka iliyoandikwa. Enzi hizo posta iligawa barua mara kadhaa kwa siku, kadi ikafanya kazi ya meseji. Ninayo moja isemayo tu: "Tunakuja na treni ya saa kumi, chai iwe tayari."

Mbona za kanisa ni za bei rahisi hivyo?
Zilichapwa kwa wingi mno. Tafuta duka la kijiji, mhunzi, stesheni, watu wamesimama mlangoni. Au vijiji vilivyokufa, kama Tyneham kule Dorset: wakazi waliondolewa Desemba 1943 kupisha mazoezi ya jeshi, hawakurudishwa tena.

Naweza kubandua stempu kwa mvuke niiuze peke yake?
Usithubutu! Utaondoka na nusu ya muhuri, na kadi itabaki bila tarehe.

Shikamoo mwalimu. Niko Unguja, nina kadi za marehemu babu zenye jina la A. C. Gomes, mpiga picha wa zamani wa Zanzibar. Hatua hizi zinafaa?
Marahaba. Kioo na mgongo, ndiyo. Hesabu ya nusu peni sahau, Zanzibar ilikuwa na stempu zake yenyewe. Nitumie picha ya mgongo kwanza, ya mbele baadaye. Na usiziguse na vidole vyenye mafuta.