Somo: Kokteli ya barafu ya kusaga nyumbani, isiyotoka majimaji

Wakuu, swali la "mbona yangu imekuwa maji?" nimelijibu mpaka basi. Naweka somo zima hapa, atakayeuliza tena nitamrudisha huku. Mfano ni piña colada ya glasi mbili. Ukiielewa hiyo, nyingine ni kubadilisha tunda na pombe tu.

Vipimo: ramu nyeupe mililita 120, tui zito 90, shira 60 (sukari na maji kiasi sawa), maji ya ndimu 30, nanasi lililoganda gramu 250, barafu kikombe kimoja.

1. Menya nanasi, katakata vipande vidogo, vitandaze kwenye sinia visigusane, weka friza usiku kucha.

2. Ramu iingie friza. Tui, shira, ndimu na glasi viingie friji.

3. Vimiminika vitangulie kwenye jagi la blenda, nanasi lifuate, barafu mwisho. Ukianza na barafu visu vinakwama.

4. Barafu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Barafu iliyokaa nje ikaanza kung'aa na kuteleza mkononi imeshabeba maji juu yake, na maji hayo unayaingiza kwenye kinywaji kabla hata hujawasha blenda. Barafu inayofaa hunata kidole ukiigusa. Itoe friza dakika ya mwisho kabisa. Wala usiizidishe: anayegandisha ni nanasi, barafu ni msaidizi. Nanasi likiyeyuka linabaki nanasi, barafu ikiyeyuka inabaki maji.

ONYO: usiiache blenda ikizunguka mfululizo, msuguano wa visu unaleta joto. Washa kidogo, zima, tikisa jagi, washa tena. Kelele za kugongagonga zikiisha na katikati pakafanya kishimo kinachojizungusha taratibu, zima. Unatafuta uzito wa uji.

ONYO LA PILI: mwiko hauingii kwenye jagi blenda ikiwa inazunguka. Zima kwanza.

5. Mimina, kunywa.

Kuhusu sukari: kitu cha baridi sana ulimi hausikii utamu wake vizuri. Onja vimiminika kabla ya kuweka nanasi na barafu. Utamu na ukali wa ndimu vionekane vimezidi kidogo. Vikiwa sawasawa hapo, glasi itapooza.

MASWALI

– Mkuu nimefuata yote ila imekuwa maji. Nanasi sikugandisha, nilikuwa na haraka.

Basi hujafuata yote. Hatua ya 1.

– Nimeongeza ramu mara mbili ili ishike vizuri, sasa haigandi. Vipimo vyako vina kasoro.

Vipimo havina kasoro, umevibadilisha. Pombe inashusha kiwango cha kuganda. Ukitaka ramu zaidi, mimina kijiko juu ya glasi ikiwa tayari.

– Samahani kaka, hilo la kuganda limenivutia. Ndiyo maana chupa ya ramu haigandi kwenye friza?

Ndiyo hasa, dada. Maji huganda nyuzi 0, pombe tupu huganda kwenye nyuzi 114 chini ya sifuri. Kinywaji cha asilimia 40 kinahitaji kama nyuzi 27 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani kwa kawaida hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo chupa inapoa sana bila kuganda, na ndiyo faida yetu.

– Naweza kuweka sukari ya kawaida badala ya shira?

Kwenye ubaridi ule chembe haziyeyuki, utazitafuna. Chemsha shira, dakika tano tu, kisha iache ipoe.

– Baa wanafanyaje ikae nzito usiku mzima?

Swali zuri. Wana mashine inayogandisha huku ikikoroga bila kusimama. Mwaka 1971 Mariano Martinez, mwenye mgahawa Dallas, Marekani, alichukua mashine ya aiskrimu laini akaigeuza kuwa ya kutengeneza margarita (kokteli ya tekila na ndimu). Nyumbani mbadala wake ni huu: ukishasaga, weka jagi lote friza nusu saa, kisha saga tena sekunde chache.

– Nyongeza wakuu: mimi nagandisha tui kwenye trei ya barafu, nikisaga natumia vipande vya tui, barafu siweki kabisa.

Hii nimeipenda. Ukifanya hivyo ongeza maji kidogo ya nanasi, la sivyo visu havitapata cha kushika. Ndimu nayo inagandishika hivyohivyo.