Kukagua rekodi ya shoo ukiwa nyumbani: sauti kwanza, picha baadaye

Wanaoniletea rekodi za maonyesho ya bendi wana malalamiko mawili: picha ina chenga, na muziki hausikiki vizuri. La kwanza mara nyingi ni kweli. La pili linahitaji kuchunguzwa, maana mara nyingi rekodi haina kosa. Kosa ni la sabufa iliyobanwa kwenye kona ya sebule.

Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri maonyesho ya dansi na taarab hapa Dar, pamoja na kuhamisha kanda za VHS kwenda kwenye faili. Utaratibu huu ndio ninaoutumia kabla sijamwambia mtu kama rekodi yake inafaa kutunzwa, inarekebishika, au apoe tu. Unahitaji TV, spika ulizonazo, hedifoni za waya na kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video. Kila ukikutana na doa, jiulize: limetoka ukumbini, limetoka kwenye nakala, au limetoka hapa kwangu?

Hatua ya 1: Iweke sawa sebule

Fanya kazi hii usiku, bodaboda zikishapungua. Zima pangaboi kwa muda wa nyimbo mbili tatu. Najua joto la Dar, lakini upepo wa pangaboi unafunika mwangwi wa ukumbi na mvumo mdogo wa umeme, na vitu hivyo viwili ndivyo tunavyovitafuta.

Toa sabufa kwenye kona. Kuta za zege na sakafu ya marumaru huirudisha besi badala ya kuimeza, na zinapokutana kuta mbili besi inazidi. Spika mbili ndogo zisikae zimegusana juu ya kabati la TV. Zitenganishe, umbali kati yake ulingane na umbali wa kutoka kila moja hadi unapokaa, na ziwe usawa wa masikio.

Sasa fungulia taarifa ya habari isomwe na mwanamume. Sauti yake ikinguruma na kutikisa vioo vya dirisha, punguza besi mpaka umsikie binadamu anayesoma karatasi. Hapo usiguse tena. Hii naithamini kuliko kipimo chochote cha simu, kwa sababu sauti ya mtu akiongea tunaijua wote.

Kwenye TV, toka kwenye mpangilio wa "Vivid" au "Dynamic" uende kwenye "Movie". Mpangilio wa kwanza uliwekwa ili TV ing'ae dukani Kariakoo kuzishinda za jirani. Shusha "Sharpness", kwa sababu haiongezi kitu kilichokosekana. Inachora tu mstari mweupe pembeni ya kila umbo. Zima pia ule ulainishaji wa mwendo, unaofanya mpiga drams aonekane kama katuni. Na ukiona wapuliza tarumbeta wote wamenenepa kwa pamoja, TV imeivuta picha ya umbo la zamani, 4:3, ijaze kioo kipana cha 16:9.

Hatua ya 2: Soma faili kabla ya kuitazama

Fungua rekodi kwenye VLC, bonyeza Ctrl na J. Utaona ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde na aina ya sauti. Hapa uongo mwingi hujulikana mapema.

VCD zilizokuwa zimejaa mjini miaka ya 2000 zina picha ya pikseli 352 kwa 288. DVD ya mfumo wetu wa TV, PAL, ina 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. HD kamili ni 1920 kwa 1080, yaani pikseli mara tano ya DVD. Sasa mtu anapokupa shoo ya mwaka 2003 kwenye flashi, imeandikwa 1080, fahamu kuwa pengine kuna aliyeikuza tu. Pikseli zimeongezeka, nyuzi za gitaa hazijaongezeka.

Halafu piga hesabu ya uzito. Chukua ukubwa wa faili kwa megabaiti, zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde za shoo. Shoo ya saa moja na nusu ina sekunde 5,400. Faili ya megabaiti 700 inakupa kama megabiti 1 kwa sekunde, ambayo ni ndogo mno kwa picha ya HD yenye taa zinazozunguka na watu wanaoruka. Faili ya gigabaiti 4 inakupa karibu megabiti 6; hapo kuna pa kuanzia. DVD yenyewe kwa kawaida haivuki megabiti 9.8 za picha, na Blu-ray hufika hadi 40.

Hatua ya 3: Sikiliza, TV ikiwa imezimwa

Macho yanasamehe sauti mbaya. Ukimwona mpiga solo akitabasamu na vidole vinakimbia, utaapa umemsikia. Kwa hiyo geuza na kioo cha kompyuta pembeni, sikiliza wimbo mmoja mzima kwenye spika, kisha huo huo kwenye hedifoni.

Kwanza tafuta sauti ilikotoka. Kuna rekodi zinazochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya ukumbi, na kuna zinazochukuliwa na maiki ya kamera iliyosimama kati ya watu. Ya mitambo ni kavu: mwimbaji yuko karibu sana, makofi yako mbali au hayapo kabisa. Watu huisifu kwa usafi. Mimi huwa na shaka nayo, hasa ikitoka ukumbi mdogo. Pale, drams na ampulifaya za gitaa zinajitosheleza zenyewe, hivyo fundi mitambo hazipandishi. Waimbaji ndio wanaojaa kwenye mitambo. Ukirekodi hapo tu unapata sauti za watu zikielea juu ya gitaa dhaifu. Ukumbini muziki ulikuwa umejaa, rekodi haijui hilo.

Ya maiki ya kamera ina ugonjwa wa kinyume. Ukumbi wote umo: mwangwi, chupa, mtu anayemwita mhudumu. Dalili ya kuisikiliza ni pale bendi inapokata ghafla. Kama kelele za watazamaji zinapanda taratibu kwa sekunde moja mbili, kisha zinazama vyombo vinaporudi, kamera ilikuwa inajipandishia na kujishushia sauti yenyewe. Simu nyingi hufanya hivyo. Kasoro hiyo haitoki kirahisi, kwa kuwa uzito wa wimbo wenyewe umeshasawazishwa: kunong'ona na kupiga kelele vimekuwa kimo kimoja.

Rekodi ninayoipa alama za juu imechanganya vyote viwili: mitambo kwa ajili ya uwazi, na maiki mbili ukumbini kwa ajili ya hewa na watu. Ila sauti husafiri kiasi cha mita 350 kwa sekunde katika joto letu. Maiki iliyowekwa mita 20 kutoka spika inaipata karibu milisekunde 57 baadaye. Mhariri asipoivuta nyuma, kila pigo la drams linasikika mara mbili. Sikiliza pigo la snea, ile ngoma kali ya kwenye drams, lililo peke yake, utajua kama alifanya kazi yake.

Kisha fuata chombo kimoja. Bendi kama Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, au DDC Mlimani Park Orchestra ya mwaka 1978, muziki wao umejengwa kwa magitaa yanayojibizana: solo, second solo, rhythm na besi. Solo atasikika hata kwenye rekodi mbovu. Mfuate second solo. Wimbo ukichanganya, tarumbeta na saksafoni zikaingia, je, bado unaweza kumnyooshea kidole? Ukimpoteza kila tarumbeta zinapoingia, mchanganyo umejaa tope katikati. Kwenye taarab ya kisasa mimi hufuata gitaa la besi chini ya kinanda, maana kinanda hupenda kumeza kila kitu. Zile sauti za "puu" maiki inapogongwa wakati watu wanapanda kumtunza mwimbaji sizihesabu kuwa kasoro. Bila hizo ningejiuliza kama ilikuwa shoo kweli.

Sasa majaribio mawili ya kumpata mkosaji. Ukisikia sauti inapasuka kwenye noti za juu, punguza sana na urudie pale pale. Mpasuko ukiisha, spika zako ndizo zilizoelemewa. Ukibaki hata kwa sauti ndogo, umo kwenye rekodi. Ukiifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, utaona mawimbi yamekatwa vichwa. Ukisikia mvumo wa chini kati ya nyimbo, simamisha rekodi. Ukiendelea kuvuma, ni waya zako au sabufa yako. Ukinyamaza, mvumo ulirekodiwa, na mara nyingi ni ule wa umeme wetu wa hezi 50 ulioingia kupitia waya za jukwaani. Huo unaweza kupunguzwa na mhariri. Mpasuko hauna dawa ya kweli.

Kuhusu kulia na kushoto: mitambo mingi ya kumbini hutoa sauti ile ile pande zote mbili, kwa hiyo usiishushie rekodi alama kwa sababu hiyo peke yake.

Hatua ya 4: Tazama bila sauti

Hapa ni haraka zaidi. Bonyeza E kwenye VLC, picha inasogea fremu moja moja. Angalia mambo haya.

Mkono wa mpiga tumba. Ukiwa na mistari ya kulala pembeni kama meno ya chanuo, picha ilirekodiwa kwa mistari ya kupokezana kisha ikahamishwa vibaya. Jaribu kuwasha "Deinterlace" kwenye VLC. Ikipona, faili haina neno, ni uchezeshaji.

Uso wa mwimbaji chini ya taa ya bluu. Taa za LED za bluu na zambarau huizidi nguvu kamera. Uso unakuwa bonge moja lisilo na pua wala macho. Hakuna mhariri atakayerudisha pua hiyo. Kama taa ikigeuka nyeupe uso unarudi vizuri, mpiga picha hakuwa mbaya, mwenye taa ndiye aliyemwangusha.

Giza nyuma ya drams. Chenga ndogo ndogo zinazochezacheza ni kamera iliyokosa mwanga, naivumilia. Vipande vya mraba vinavyovunjika moshi unapopita ni nakala iliyobanwa mno, na hiyo siivumilii, kwa sababu mahali fulani kuna faili iliyo bora zaidi.

Mikanda ya kiza inayopanda au kushuka kwenye picha nzima. Taa zinazotumia umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, na simu iliyoachwa kwenye fremu 30 mara nyingi haiendani nazo. Picha imeharibika kwenye kurekodi, basi.

Hatua ya 5: Viunganishe

Tafuta pigo moja la snea ambalo kijiti kinaonekana. Sogeza fremu moja moja uone kijiti kinapogusa, kisha cheza kawaida usikilize. Mwongozo wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, unasema mtu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa milisekunde 125. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Kwa hiyo sauti iliyotangulia zaidi kidogo ya fremu moja inaanza kuudhi, iliyochelewa fremu mbili huenda usiijali. Kwa VLC, herufi J na K huisogeza sauti kwa milisekunde 50. Ila kabla ya kulaumu, toa spika ya Bluetooth: yenyewe huchelewesha sauti kiasi cha kuonekana.

Hapa pia ndipo unapomjua anayeimba juu ya wimbo wa studio, jambo la kawaida kwenye shoo za Bongo Fleva. Mtazame anapoelekeza maiki kwa mashabiki. Kama sauti yake inaendelea bila kupungua, wala husikii pumzi baada ya kukimbia jukwaa zima, basi unachokagua ni ubora wa studio. Sauti itakuwa safi sana, na mimi siwezi kuiita rekodi ya jukwaani.

Hatua ya 6: Linganisha nakala, kisha omba ya asili

Ukiwa na nakala mbili za shoo moja, zisawazishe kwanza. Iliyo na sauti kubwa kidogo tu itakudanganya kuwa ndiyo bora. Ishushe hadi zilingane, kisha rukia kati ya moja na nyingine mahali pale pale. Andika dakika na alama 1 hadi 5, sauti peke yake, picha peke yake. Usizitafutie wastani. Sauti 4 na picha 2 naitunza. Picha 4 na sauti 2 namuuliza mwenyewe kama ana nyingine.

Kama shoo ni yako, au ulimlipa mtu kuirekodi, omba faili iliyotoka kwenye kamera yenyewe. Iliyopitia WhatsApp kama video imeshabanwa. Ikibidi, atume kama dokumenti. Nenda na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa exFAT, kwa kuwa ule wa FAT32 haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Kamera nyingi nazo hukata faili zinapofika hapo, kwa hiyo utapewa vipande. Sikiliza kila maungio: hapo ndipo neno moja la mwimbaji hupotea, na mhariri mvivu huliziba kwa makofi.