Jinsi ya Kushona Arpillera kwa Namna ya Vikundi vya Wanawake wa Chile

Arpillera ni picha inayoshonwa kwa viraka juu ya kitambaa cha gunia, na neno lenyewe kwa Kihispania lina maana ya kitambaa hicho hicho cha gunia. Baada ya jeshi la Chile chini ya Augusto Pinochet kuipindua serikali ya Rais Salvador Allende tarehe 11 Septemba 1973, maelfu ya watu walikamatwa, na baadhi yao hawakuonekana tena. Mama, wake na dada zao walizunguka kwenye vituo vya polisi, magerezani na kwenye vyumba vya maiti wakiuliza, wakajibiwa kwamba mtu huyo hajulikani. Kuanzia mwaka 1974 baadhi yao walianza kukutana katika mji mkuu, Santiago, na kushona pamoja chini ya hifadhi ya kamati iliyoundwa na makanisa. Serikali ilipoilazimisha kamati hiyo ifungwe mwishoni mwa 1975, Kardinali Raúl Silva Henríquez alianzisha Vicaría de la Solidaridad mnamo Januari 1976, ofisi ya Kanisa Katoliki iliyokuwa pembeni mwa Kanisa Kuu, na kazi ikaendelea huko na katika vitongoji vya maskini.

Mwongozo huu ni kwa kikundi kinachotaka kushona kwa namna ile. Nasema kikundi kwa makusudi, kwa sababu nimeona mafunzo mengi yanayomfundisha mtu mmoja mmoja kukata milima na jua vya kupendeza, kana kwamba ile ilikuwa kazi ya kupamba ukuta. Utaratibu wa wanawake wale kukaa pamoja, kuchagua jambo la kusema na kutoandika jina la mtu mbele ya picha ndio uliowawezesha kusema wakati magazeti na redio vilikuwa vimezibwa midomo, na mtu akichukua mishono yao akauacha utaratibu huo, amechukua ganda akaacha kiini.

Kwa hiyo anzeni na mkutano kabla ya kushika mkasi. Kutaneni mara moja kwa wiki, mahali pamoja, kwa idadi ambayo kila mmoja atapata nafasi ya kuzungumza. Katika mkutano wa kwanza chagueni jambo moja ambalo wote mtalishona, kila mtu kwa picha yake. Kushona nyumbani kunaruhusiwa, na wengi wa wanawake wa Chile walishona nyumbani usiku baada ya kazi nyingine kwisha, lakini kila kipande kirudi kikundini kikiwa hakijakamilika ili wengine wakitazame. Mwenzako ndiye atakayekuambia kwamba askari uliyemshona anaonekana kama mpita njia, au kwamba mlango ulioukusudia uwe wa gereza unafanana na wa duka.

Kuchagua jambo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na msiharakishe. Msichague neno pana kama uhuru au mateso, maana halina umbo la kukatwa kwa mkasi. Chagueni tukio ambalo mtu aliliona kwa macho yake. Wanawake wale walishona foleni ya maji kwenye kitongoji kilichokatiwa bomba, chungu cha pamoja kilichopikiwa mtaa mzima, na wanawake waliojifunga minyororo kwenye uzio wa jengo la Bunge mwaka 1979, Bunge ambalo utawala wa kijeshi ulikuwa umelifunga. Walishona pia tanuri za chokaa za Lonquén, ambako mwishoni mwa 1978 iligunduliwa miili ya wanaume 15 waliokamatwa miaka mitano nyuma. Picha moja ninayoirudia kila ninapofundisha inaonyesha cueca, ngoma ya taifa ambayo huchezwa na mwanamume na mwanamke wakizungukana na leso mkononi. Mwaka 1978 wanawake wa chama cha ndugu wa waliotoweshwa waliicheza hadharani peke yao. Mshonaji anaonyesha mwanamke mmoja na leso yake, na mbele yake nafasi tupu. Nafasi hiyo haina mshono hata mmoja, nayo ndiyo inayotangulia kuonekana.

Vifaa ni vichache: gunia la unga lililofuliwa na kukaushwa, mabaki ya nguo, nyuzi za kawaida, nyuzi za sufu, sindano ya kawaida, shazia, yaani sindano nene, kwa ajili ya gunia, subana, chaki na mkasi. Msinunue kitambaa kipya kama mna nguo zilizochakaa. Umaskini ulichangia uteuzi huo, kwani wengi walikuwa wamepoteza mtu aliyekuwa akileta mkate nyumbani, lakini kulikuwa na jambo lingine zaidi. Baadhi yao walikata viraka kutoka kwenye nguo za mtu aliyetoweka, mume au mwana, ili kipande cha shati lake kiingie ndani ya picha inayouliza alipo.

Kateni gunia lenye upana wa sentimita 50 na urefu wa 40 kwenda chini. Choreni kwa chaki mistari michache tu, kisha pangeni viraka kuanzia vilivyo mbali kuja vilivyo karibu: anga kwanza, kisha milima, kisha nyumba, kisha barabara. Katika arpillera za Chile milima ya Andes huonekana nyuma karibu kila mara, kwa kuwa ukiwa Santiago huwezi kuinua macho usiione. Pigeni bandi, yaani mishono ya muda, viraka vyote kwanza kwa uzi wa rangi inayoonekana, bila kukaza, halafu isimamisheni kazi ukutani na kuitazama kwa umbali wa hatua tatu. Kama tukio halieleweki kutoka hapo, bandueni mpange upya. Baada ya hapo ndipo mkunje pindo za viraka kwa ndani na kuzishona kwa mishono midogo iliyokaribiana, kisha mfumue bandi.

Watu hushonwa mwisho, nao ni wanasesere waliojitokeza juu ya kitambaa, si viraka bapa. Kata kiduara cha kitambaa cha rangi ya ngozi chenye kipenyo cha sentimita 4. Pitisha uzi ukingoni mwake kuzunguka, weka tonge dogo la pamba katikati, vuta uzi taratibu mpaka mdomo ufunge, kisha piga fundo mara mbili. Hicho ndicho kichwa. Macho ni mishono miwili mifupi, na ukirefusha mmoja kidogo tu, uso wote unabadilika, kwa hiyo shona macho polepole na umgeuze mwanasesere kwenye mwanga kabla ya kukata uzi. Nywele ni nyuzi za sufu. Mwili ni kitambaa kilichokunjwa na kuvikwa gauni au suruali, nao ushonwe kwa nyuma pekee ili mikono ibaki huru na iweze kushika bango, ndoo au mkono wa mwingine. Msiwafanye wote wafanane. Hata katika umati wa watu 20, kila mmoja awe na nguo yake.

Mtakapokaa kushona kwa wiki kadhaa, mazungumzo yatatoka kwenye kitambaa na kuingia nyumbani, na kiongozi asiyazuie. Wengi wa washonaji wa Chile hawakujiita watetezi wa haki za wanawake walipoanza. Walikuja kumtafuta mtu au kutafuta chakula cha watoto. Lakini walipokuwa wakileta fedha nyumbani, wakitoka kwenda mikutanoni licha ya waume waliokataa, waliona kwamba amri ya kambini na amri ya sebuleni zina ukoo mmoja. Katika miaka ya 1980 harakati za wanawake nchini humo zilibeba kaulimbiu ya kudai demokrasia nchini na nyumbani, nami naamini mikutano ya sindano na uzi ilikuwa mojawapo ya mahali ilipokomazwa.

Picha ikikamilika, zungusheni ukingo wake kwa uzi mnene wa sufu. Shazia iingie nusu sentimita kutoka ukingoni na kupita ndani ya kitanzi kabla ya kuvutwa, ili uzi ulale juu ya ukingo kama msuko. Msiitie picha fremu ya kioo, na msiikunje, kwa sababu wanasesere watabondeka. Izungushieni bomba la karatasi, uso ukiwa nje.

Kilichobaki ni mgongo wa picha. Ilikuwa hatari kukutwa na kazi hizi ndani ya Chile, na nyingi zilipelekwa Ulaya na Amerika Kaskazini kwa njia ya kanisa, wakimbizi na vikundi vya mshikamano, zikauzwa huko bila jina la mshonaji. Hata hivyo baadhi zilikuwa na kifuko kidogo kilichoshonwa nyuma, na ndani yake kikaratasi kilichokunjwa kikieleza kilichoonyeshwa mbele. Shoneni kifuko hicho kwa kitambaa imara, kikiwa wazi upande wa juu tu, na kila mmoja aandike kikaratasi chake kwa mkono, kwa sentensi mbili au tatu zilizo wazi: hapa ni wapi, ni mwaka gani, huyu aliyesimama mlangoni anamngoja nani. Jina lako usiliandike. La anayengojwa, kama ndugu zake wameridhia, liandikwe lote.