SOMO: Sungura au simbilisi kagoma kula? Fuata hizi hatua, usisubiri kesho

Wakuu habari za saa hizi. Maswali ya "sungura wangu hali tangu jana nimpe dawa gani" yamekuwa mengi mno inboksi, nimeona niandike somo moja lililonyooka ili nikiulizwa tena namtumia mtu linki tu. Mimi niko kwenye fani ya tiba ya wanyama na hawa wadogo ndo nawapenda zaidi. Somo ni refu, soma lote kabla hujauliza tafadhali.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Mbwa mzima akisusa chakula siku moja unaweza kumwangalia tu na mara nyingi kesho yake anakula. Kwa sungura, simbilisi na chinchila (kale kanyama ka jamii ya panya kenye manyoya laini sana) usijaribu huo mchezo. Utumbo wao umeumbwa kufanya kazi usiku na mchana, kinachoingia mbele ndo kinasukuma kilichopo nyuma, alafu kule nyuma kuna mfuko mkubwa umejaa bakteria wazuri wanaochachusha majani. Akiacha kula utumbo unapunguza mwendo, kilichobaki ndani kinakauka, gesi inajaa, tumbo linauma, na kwa kuwa tumbo linauma ndo hataki kula kabisa. Na hawajui kutapika, kikishaingia hakirudi. Kwa hiyo masaa 12 bila kula ni dharura, na akiwa mnene ndo mbaya zaidi maana mwili unaanza kuyeyusha mafuta kwa fujo mpaka ini linaelemewa.

Kagoma kula sio ugonjwa, ni dalili. Nyuma yake kuna meno, kuna maumivu ya sehemu nyingine, kuna joto kali, kuna hofu, kuna chakula cha wanga mwingi na nyasi kidogo. Ndo maana ukiniuliza "dawa gani" mimi nakuuliza "umemwangalia vipi".

HATUA YA 1: Hakikisha kweli hali

Wengi wanaangalia bakuli, bakuli limepungua wanaridhika, kumbe aliyekula ni mwenzake. Mtenge kwa masaa machache, karibu na mwenzake ili asipate hofu, mtandikie karatasi nyeupe au taulo la rangi moja alafu angalia kinyesi. Kinyesi ndo ripoti yako ya kwanza.

Cha sungura mwenye afya ni viduara vya saizi inayolingana, vikavu, ukikibonyeza kinavunjika unaona nyuzinyuzi za majani ndani. Cha simbilisi ni kirefu kidogo na kimepinda. Ukiona vimeanza kuwa vidogo, vigumu, vyeusi, kila kimoja na saizi yake, utumbo umeshaanza kusuasua hata kama bado anatafuna tafuna. Ukiona hakuna kabisa, hapo ruka hatua za katikati nenda kwa dokta.

Usichanganye na kile kingine laini, kinachong'aa, kimeshikana kishada na kinanuka. Kile anakila mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye tundu, ndo vitamini zake, usimzuie. Ila ukikikuta kimebaki sakafuni kila siku maana yake chakula kina utamu na wanga mwingi, au ni mnene hafiki huko nyuma, au mgongo unamuuma.

HATUA YA 2: Mpime uzito

Mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha, mweke kwenye boksi. Simbilisi mkubwa ana gramu 700 mpaka 1200 hivi. Akipungua asilimia 10, yaani wa gramu 1000 amefika 900, huyo ni wa kwenda kwa dokta leo hii. Lakini utajuaje kapungua kama hukuwahi kumpima? Wapimeni kila wiki wakiwa wazima, mnaandika kwenye simu. Hawa ni wanyama wanaowindwa, wanaficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho, atakuja kukupokea mlangoni huku anaumwa. Mizani haidanganyiki.

HATUA YA 3: Tumbo na joto

Pitisha vidole taratibu ubavuni kwenda chini. Tumbo likiwa limevimba na limekaza kama ngoma, amekunja mwili, anasaga meno kwa sauti, USIMLISHE chochote kwa nguvu. Inawezekana kuna kitu kimeziba, ukijaza chakula unampasua. Nenda hospitali ya wanyama muda huohuo.

Shika na masikio. Joto la mwili la sungura ni kama 38.5 mpaka 40. Sungura mgonjwa mwenye masikio ya baridi yuko pabaya kuliko mwenye homa. Mwekee chupa ya maji ya uvuguvugu imefungwa kitambaa, upande mmoja tu wa boksi ili akiona imezidi aweze kusogea. Kinyume chake, kama hewa ni ya moto na yeye kalala kanyooka anahema haraka, midomo imelowa, huyo kapigwa na joto, mpeleke kivulini, lowesha masikio kwa maji ya kawaida (sio ya barafu!) na uondoke naye kwenda kwa dokta.

HATUA YA 4: Mdomo

Meno ya sungura, simbilisi na chinchila yote yanakua maisha yao yote, magego pia. Ya mbele ya sungura yanaongezeka kama milimita 2 kwa wiki. Kinachoyasaga ni nyasi kavu, yaani hei, sio peleti (vile vidonge vya chakula cha dukani) na wala sio kile kipande cha mti wengi wanachonunua wakaona wamemaliza kazi. Asipopata nyasi za kutosha magego yanaota ncha, ya sungura yanachoma shavu na ulimi, ya simbilisi yanaegemeana kwa ndani mpaka yanaukandamiza ulimi hawezi kumeza.

Dalili zake: anakimbilia chakula vizuri tu, anakiokota, anakiangusha. Anachagua vilaini. Kidevu na shingo zimelowa mate. Jicho moja linatoa machozi. Ya mbele utayaona kwa kufunua midomo, magego huwezi kuyaona nyumbani, hata dokta anahitaji kifaa na mara nyingine eksirei. Usiseme "nimeangalia meno yako sawa" kwa kuona manne ya mbele tu.

HATUA YA 5: Kumlisha kwa bomba

Hii ni kama tumbo ni laini, ana joto la kawaida na anaweza kumeza. Chukua peleti zake zile zile, loweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ziwe uji mzito, chuja mabonge yasizibe. Bomba la sindano la mililita 1, sindano yenyewe tupa mbali.

Mfunge na taulo, kichwa tu kiwe nje, mkalishe kwenye mapaja mgongo wake ukigusa tumbo lako asirudi nyuma. Pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kuna pengo halina meno. Ingiza ncha hapo, sukuma nusu mililita, alafu TOA na subiri. Utaona taya zinazunguka, atameza, ndo unaongeza. Ukisukuma mfululizo unampelekea mapafuni, na usimlaze chali kama mtoto mchanga, vivyo hivyo. Akigoma pumzika dakika chache. Kwa siku nzima jumla inafika kama mililita 50 kwa kila kilo ya uzito, ukigawa mara 4 mpaka 6, na katikati maji na nyasi viwe mbele yake muda wote.

Simbilisi ongeza vitamini C. Yeye ni kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi. Anahitaji miligramu 10 mpaka 30 kwa kilo kila siku, akiumwa anaelekea huko juu. Mpe mdomoni moja kwa moja, ukiweka kwenye chupa ya maji inaharibika haraka na inabadilisha ladha akaacha na kunywa. Pilipili hoho ni nzuri akishaanza kula mwenyewe.

HATUA YA 6: Dawa za kutompa

Hapa naomba msome mara mbili maana ndo panapoua. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kumeza, klindamisini, linkomisini, erithromisini: hizi zikipita mdomoni kwa sungura, simbilisi, chinchila au hamsta (naye ni mdogo wa jamii ya panya anayefugwa) zinafyeka wale bakteria wazuri, wanabaki wabaya wanaotoa sumu, siku chache baadae anaharisha na kufa. Na mtu anasema "aliumwa sana hata dawa haikusaidia" kumbe dawa ndo iliyomaliza. Antibayotiki wanazozivumilia zipo, dokta anazijua.

Dawa ya viroboto yenye fipronili ni ya mbwa na paka, kwa sungura ni sumu. Na dawa zetu za maumivu za kabatini muache kabisa.

HATUA YA 7: Kwa dokta

Piga simu uulize kama anatibu sungura na simbilisi, sio kila anayetibu ng'ombe na mbwa anawajua hawa na sio aibu kuuliza. Beba kinyesi cha leo kwenye mfuko, beba namba za uzito, beba na mwenzake wakae boksi moja. Akihitaji nusu kaputi, sungura HAFUNGISHWI kula usiku kucha kama mbwa, maana sababu ya kumfungisha mbwa ni kutapika na huyu hatapiki. Ukiambiwa umfungishe tangu jioni, uliza tena kwa upole.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo. Sungura wangu anakojoa mkojo mwekundu kabisa, nimeogopa, ila anakula na kuruka vizuri.

Jibu: Kaka kama anakula na anaruka, mara nyingi ni rangi tu, mkojo wa sungura unaweza kuwa njano, chungwa mpaka mwekundu kutokana na alichokula, na kuwa na ukungu mweupe pia ni kawaida maana anatoa kalisiamu nyingi kwa mkojo. Damu yenyewe huwa inatoka vipande au matone, sio mkojo wote rangi moja. Dokta ana kijiti cha kupima, anamaliza ubishi dakika moja. Ila kama ni jike la miaka 3 kwenda juu ambalo halijatolewa kizazi usilaze hilo jambo, saratani ya kizazi ni ya kawaida sana kwao na damu kwenye mkojo ndo dalili inayoonekana mapema.

Swali: Jirani aliniambia nikate meno ya mbele kwa kikatia kucha, nishafanya mara kadhaa na hajawahi kufa, kwani tatizo nini?

Jibu: Tatizo ni kwamba jino linapasuka kwa urefu mpaka kwenye mzizi, huoni siku hiyo, baadae unaona uvimbe wa usaha kwenye taya. Na usaha wa sungura ni mzito kama jibini, hautoki kwa kutoboa ukakamua, unahitaji operesheni. Daktari anasaga kwa mashine. Yakiwa yanarudi kurefuka kila mara, mwulize kuhusu kuyang'oa hayo ya mbele moja kwa moja, wanaishi vizuri bila hayo, unawakatia tu majani vipande.

Swali: Habari dokta, simbilisi wangu anajikuna mpaka anaanguka anatetemeka, manyoya yametoka mgongoni. Nimempaka mafuta ya nazi.

Jibu: Dada huyo ana utitiri, na anapoanguka vile ni kuwashwa kulikozidi, inafanana na kifafa kabisa. Mafuta hayaui kitu. Dawa yake ni ivamektini au selamektini, lakini ipimwe kwa uzito wake na dokta, ile ya ng'ombe ni kali sana, tone likizidi kidogo kwa mnyama wa gramu 800 ni hatari. Inarudiwa baada ya wiki kama mbili sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Tibu na wenzake wote hata wasiojikuna. Mpaka umfikishe, usimguse guse mgongoni, kila ukimgusa unamuanzishia.

Swali: Hamsta mdogo nimemchukua wiki hii, nyuma kwenye mkia kumelowa na ananuka, ila bado anakula kidogo. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri hata usiku mmoja. Hamsta wachanga wa wiki 3 mpaka 8 wakihamishwa wanapata kuhara kwa bakteria, na unaweza kumpoteza ndani ya siku mbili. Maji mpe kwa tone tone, mweke pa joto, wenzake watenge, nawa mikono, na umpeleke. Na usimnunulie antibayotiki mwenyewe, rudi hatua ya 6.

Swali: Nina sungura mmoja na simbilisi mmoja banda moja wanalala pamoja wanapendana sana. Kuna shida?

Jibu: Ipo mkuu. Sungura anaweza kubeba bakteria anaitwa Bordetella bila yeye kuumwa, akimwambukiza simbilisi anapata nimonia na inaua. Teke moja la sungura linavunja mbavu za simbilisi bila hata ugomvi. Na chakula chao sio kimoja, ile vitamini C sungura anajitengenezea mwenyewe. Watenganishe mabanda, alafu kila mmoja mtafutie wa aina yake, na dume umuhasi kwanza kabla hujamweka na jike maana simbilisi jike akibeba mimba ya kwanza ameshapita miezi 6 au 7 mifupa ya nyonga imeshafunga na kuzaa kunakuwa kwa kisu.