Malengo ya kustaafu: machache, yenye siku na saa

Mstaafu mpya mara nyingi hupanga kana kwamba bado ana bosi: orodha ndefu, tarehe za mwisho, matokeo ya kuhesabika. Ndani ya miezi michache orodha imemshinda. Tatizo ni kipimo chenyewe. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameeleza kwamba mtu anapohisi muda uliobaki si mwingi, huvutwa zaidi na watu na shughuli zenye maana kwake leo. Kwa hiyo kulinda afya, urafiki au ujuzi ulio nao ni lengo kamili.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika kila jioni ulifanya nini, ulikuwa na nani, na ulibaki na nguvu au ulichoka. Usiahidi mtu chochote kabla hujalisoma.

Kisha chagua malengo matatu: la mwili, la watu, na la kujifunza au kutengeneza kitu. Mengine yahamishie ukurasa wa nyuma, yangoje.

Sasa kila lengo lipe siku na saa. "Nitafanya mazoezi" halishikiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi, mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuanguka siku 3 au zaidi. Basi andika: kutembea dakika 30, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 asubuhi. Chini yake weka mbadala: "Mvua ikinyesha, nitafanya mazoezi ya kiti ndani." Uamuzi uliokwishafanywa hausubiri hamu.

Nguvu zikipungua, punguza lengo kabla ya kulifuta. Mpiga piano Arthur Rubinstein, uzeeni, alichagua vipande vichache, akavifanyia mazoezi zaidi, na kupunguza mwendo kabla ya sehemu za kasi ili kasi isikike.

Kingine kinachokula ratiba ni maombi ya jamaa wanaodhani uko huru wakati wote. Wataje siku zako mapema: "Jumanne na Alhamisi nipo, siku nyingine tuulizane kwanza."

Pitia daftari kila mwisho wa mwezi. Lengo lililokosa nusu ya siku zake kwa miezi miwili, libadilishe saa au ulipunguze. Likishindwa tena, chukua jingine ukurasa wa nyuma.