NFS inasoma lakini haiandiki: pa kuanzia

Folda ya seva imepachikwa (mount) kwa NFS, njia ya kushiriki faili kupitia mtandao, mhasibu anaona faili zote, akihifadhi inakataa. Nimetoka kumsaidia mtu mwenye shida hiyo, kwenye Linux, NFS toleo la 4.

1. Mlango (port). Kwenye kompyuta ya mhasibu, weka anwani ya seva yako badala ya hii: `nc -vz 10.0.0.5 2049`. Toleo la 4 linatumia huo mmoja tu. La 3 linataka pia 111, pamoja na mountd, huduma ya kupachika, ambayo usipoipangia mlango hujichagulia yenyewe, faiwoli ikaikatalia. Achana nalo.

2. Soma kosa. Jaribu `touch jaribio` ndani ya folda. Tafadhali usikimbilie `chmod 777`, inayompa kila mtu ruhusa zote. Likija "Read-only file system", hatua ya 3. Likija "Permission denied", ruka hadi ya 4.

3. /etc/exports, faili ya seva inayosema folda ipi inashirikiwa na nani. Tazama mstari huu vizuri:

`/srv/hesabu 10.0.0.0/24 (rw,sync)`

Kuna nafasi kabla ya mabano. Kwa hiyo mtandao wako unapata chaguo-msingi, yaani kusoma tu, na ile `rw` inakwenda kwa yeyote anayeifikia seva. Mwenye nyumba kafungiwa nje, mpita njia kapewa ufunguo. Kwa macho ni vigumu kuiona, hasa mistari ikiwa mingi, kwa hiyo mimi siisomi faili. Naiuliza seva yenyewe: `exportfs -v`. Ukikuta `<world>` ambayo hukuikusudia, ndiyo hiyo. Futa nafasi, kisha `exportfs -ra` ili seva iisome faili upya. Usiizime na kuiwasha huduma nzima: toleo la 4 likiwaka upya huwa na muda wa kusubiri, kwa kawaida sekunde 90, watu wote wanakwama na simu zinaanza kuita.

Kama `exportfs -v` inaonyesha `rw` na bado inagoma, nenda kwenye kompyuta ya mhasibu, `findmnt -t nfs4`. Huenda kuna `ro` (kusoma tu) kwenye /etc/fstab, faili ya mipangilio ya kupachika. Hakuna? Rudi kwenye seva uangalie `dmesg`, ujumbe wa kernel, maana ext4, mfumo wa faili wa diski, ikipata hitilafu ya diski inaweza kujigeuza ya kusoma tu, na hapo NFS haina kosa lolote.

4. Namba. `id` pande zote mbili. Kwa `sec=sys`, usalama wa kawaida wa NFS, seva inaangalia namba ya mtumiaji: 1001 wa huku anaweza kuwa mtu mwingine kule. Ukijaribu kama root, `root_squash` inakufanya nobody, mtumiaji asiye na mamlaka. Iache hivyo hivyo, jaribu kwa akaunti ya mhasibu.

5. Likija kosa la "Stale file handle", yaani faili au folda ambayo kompyuta yako inaikumbuka haipo tena kwenye seva: `umount -l`, pachika upya.