Jinsi ya Kuufuata Mswada kwa Wiki Moja katika Bunge la Uganda

Mwananchi anayetaka kuwa na sauti katika sheria za Uganda aanzie kwenye chumba cha kamati, kwa sababu humo ndimo maneno ya mswada yanapoweza kubadilishwa kwa hoja ya mtu asiye mbunge. Wengi wetu huamka mswada ukiwa tayari katika kikao cha Bunge zima, wakati ambapo mwenye ruhusa ya kusema ni mbunge peke yake. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018 kuhusu ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii na asilimia 1 kwa miamala ya pesa za simu. Mswada ulipitishwa mwezi Mei, lakini wengi waliuhisi tarehe 1 Julai, simu zao zilipoanza kukatwa. Malalamiko yaliyofuata yalizaa matunda, kwani kabla ya mwaka kwisha Bunge liliirekebisha sheria hiyo, asilimia 1 ikashuka hadi 0.5 na kubaki kwa anayetoa pesa tu. Lakini wenye vibanda vya pesa za simu na wateja wao walikuwa wamekwisha kuumia kwa miezi kadhaa. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa kumsaidia msomaji afike mapema kuliko hapo.

Kabla ya wiki kuanza, pata mswada wenyewe na uusome wote. Mswada huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mingi hupatikana pia katika tovuti ya Bunge. Ukurasa wa kwanza huwa na maelezo ya mwenye mswada: sera anayoikusudia, kasoro anazoziona katika sheria iliyopo, na tiba anayoipendekeza. Yasome maelezo hayo kwa makini, lakini usiyategemee peke yake, kwa kuwa kinachopigiwa kura ni vifungu. Ikiwa ni mswada wa marekebisho, uweke kando ya sheria mama, maana kurasa mbili zinazosema kwamba neno fulani linafutwa katika kifungu fulani hazieleweki bila kifungu chenyewe kuwa mbele yako. Usiyaruke majedwali ya mwisho. Viwango vya ushuru wa bidhaa, kwa mfano, vimo katika Jedwali la Pili la Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2014, na mabadiliko ya tarakimu moja humo yanaweza kumgusa mwenye duka wa Kikuubo na mwendesha boda boda wa Arua kuliko vifungu vyote vya mbele.

Jumatatu itumie kujua mswada uko katika hatua gani na katika mikono ya nani. Mswada unaposomwa mara ya kwanza haujadiliwi. Waziri au mbunge mwenye mswada huuwasilisha pamoja na cheti kinachoonyesha gharama zake kwa hazina ya Serikali, kisha Spika huupeleka kwa kamati inayohusika. Miswada ya kodi huenda kwa Kamati ya Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi; miswada ya mahakama, uchaguzi na Katiba huenda kwa Kamati ya Sheria na Mambo ya Bunge; na ya mazao na mifugo huenda kwa Kamati ya Kilimo. Kanuni za Bunge huipa kamati siku 45 za kuuchunguza mswada na kurudisha ripoti. Zihesabu siku hizo tangu mswada ulipokabidhiwa kamati, uiandike tarehe ya mwisho mahali utakapoiona, kisha umtafute karani wa kamati hiyo. Karani ndiye anayejua ratiba, nani amealikwa, na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Kwa maoni yangu, simu moja kwake ina faida kuliko siku nzima ya kufuata habari mitandaoni.

Miswada ya kodi inahitaji haraka zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inataka bajeti ya mwaka iwasilishwe Bungeni kabla au ifikapo tarehe 1 Aprili na iidhinishwe ifikapo tarehe 31 Mei, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara anayesubiri hotuba ya bajeti ya mwezi Juni ndipo atafute mahali pa kulalamika amekwisha kuchelewa. Mwezi wa Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa sababu ya mfumo wa stakabadhi za kielektroniki wa EFRIS, na nchi nzima ikasikia. Uchungu kama ule ukiandikwa vizuri na kufikishwa kwa kamati mapema unaweza kuzuia jambo kabla halijawa sheria.

Sasa tuje kwenye waraka wa maoni, ambao ndio kazi kubwa ya wiki hii na unastahili kupewa muda kuliko mengine yote. Andika barua fupi kwa Karani wa Bunge, ukitaja mswada kwa jina lake kamili na mwaka wake, ujitambulishe wewe au kikundi chako, na uombe kufika mbele ya kamati. Ambatanisha waraka usiozidi kurasa chache. Kamati hupokea nyaraka nyingi zinazosema kwamba mswada ni mbaya na wananchi wanateseka, na mbunge aliyechoka hana la kufanya na waraka wa namna hiyo. Anachoweza kukitumia ni sentensi aliyotafuniwa. Tuseme mswada unatoza ushuru kwa kupokea, kulipa na kutoa pesa za simu. Usiandike kwamba ushuru ni mkubwa mno; andika hivi: "Katika kifungu cha 3, tunapendekeza maneno 'kupokea, kulipa' yafutwe, ili ushuru utozwe katika kutoa pesa pekee." Chini yake weka sababu: mama wa Kasese anayetumiwa na mwanawe shilingi 50,000 za karo atatozwa anapozipokea, kisha atatozwa tena anapomlipa mwalimu mkuu kwa simu, ingawa pesa ni zile zile. Kisha ambatanisha ushahidi ulio nao, kama vile stakabadhi au daftari la kibanda. Mbunge akikubaliana nawe, ataisoma sentensi hiyo kama ilivyo wakati wa kupitisha vifungu.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi hugawanyika kwa namna moja: kamati nyingi hukutana asubuhi, na kikao cha Bunge zima kwa kawaida huanza saa nane mchana. Anayesafiri kutoka mbali amuulize karani siku moja kabla, kwa kuwa vikao huahirishwa mara nyingi waziri anapokosa kufika. Chukua kitambulisho cha taifa kwa ajili ya ukaguzi wa mlangoni, na nakala za kutosha za waraka wako. Ukipewa nafasi, mwite mwenyekiti "Mheshimiwa Mwenyekiti", usisome waraka wote, bali taja vifungu viwili au vitatu vinavyokuuma na ungoje maswali. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini shughuli za kamati huendeshwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo asiyekizungumza kwa urahisi aandikiwe waraka kwa lugha hiyo na aongozane na mtu anayeweza kumsemea. Naamini siku yaja ambapo mkulima atasikilizwa kwa Kiswahili bila mtu wa kati, na ni haki yetu kuidai siku hiyo.

Mchana, soma orodha ya shughuli za siku, ukijua kwamba Spika anaweza kuibadilisha. Katika kusomwa mara ya pili, mwenyekiti wa kamati husoma ripoti, na wajumbe wasiokubaliana nayo huruhusiwa kuwasilisha ripoti ya wachache. Zitafute zote mbili, kwa sababu mara nyingi hoja iliyoshindwa ndiyo inayoeleza vizuri madhara ya mswada. Baada ya mjadala Bunge hugeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu baada ya kifungu, kisha mswada husomwa mara ya tatu. Angalia pia akidi. Katiba inataka theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura wawepo wakati wa kupiga kura, na tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliibatilisha Sheria ya Kupinga Ushoga kwa sababu ilipitishwa bila akidi.

Ijumaa ni siku ya kumbukumbu. Linganisha Hansadi, yaani taarifa rasmi ya yaliyosemwa, na maelezo uliyoyaandika, uone ni mapendekezo gani yaliyoingia na nani aliyatetea, kisha umpigie simu mbunge wako akiwa jimboni, umshukuru au umuulize.

Mswada uliopita bado una safari. Ibara ya 91 ya Katiba inampa Rais siku 30 za kuutia saini, kuurudisha Bungeni ufikiriwe upya, au kumwarifu Spika kwa maandishi kwamba ameukataa. Akinyamaza mpaka muda upite, huhesabiwa kuwa ameukubali. Ukirudishwa, mlango wa maoni unaweza kufunguka tena, nawe waraka unao tayari. Ukisainiwa, tafuta katika Gazeti Rasmi tarehe ya kuanza kutumika, kisha uulize wizara inayohusika ni lini waziri atatoa kanuni za utekelezaji, kwa sababu ada, fomu na muda wa kutimiza masharti mara nyingi huandikwa humo.